Mwalimu wa Sayansi Afundishwe kwa Vitendo



Katika jiji la New York, nchini Marekani, watoto wa jamii zinazohesabiwa kuwa ndogo kitaifa ndio walio wengi madarasani. Shule za umma za jiji hilo zimejaa Walatino, Wamarekani Weusi na watoto wenye asili ya Asia, na wengi wao hutoka katika familia za kipato cha chini. Kati ya darasa la 6 na la 8, ambapo mtoto ana umri wa miaka 11 hadi 14, mapenzi ya sayansi ama humea ama hunyauka.

Wanafunzi wa darasa la 8 jijini humo walitakiwa kukamilisha uchunguzi wa kisayansi: kuuliza swali, kukusanya takwimu na kutetea hitimisho. Sharti hilo liliwagusa walimu kwanza. Aliyeijua sayansi kwa kukariri vitabu angewezaje kumwongoza mtoto katika njia ambayo yeye mwenyewe hajaipita?

Mwaka 2004 ulianzishwa mpango uitwao Urban Advantage, ukiongozwa na makumbusho ya American Museum of Natural History kwa kushirikiana na idara ya elimu ya jiji, bustani za mimea na bustani za wanyama. Baraza la jiji ni miongoni mwa wafadhili wake. Mwalimu hujifunza aina 4 za uchunguzi: jaribio lenye udhibiti, utafiti wa nje ya darasa, ubunifu wa kifaa, na uchambuzi wa takwimu zilizokusanywa na wengine. Hujifunza kwa kuutenda, kisha huupeleka darasani. Shule hupatiwa vifaa, na familia huwezeshwa kutembelea taasisi hizo bila malipo, ili mzazi naye aione sayansi anayosoma mwanawe.

Mafunzo pekee hayatoshi. Mwalimu akirejea katika darasa lisilo na vifaa wala muda wa majaribio, ujuzi wake hudumaa. Ndiyo maana mpango huo uliwaunganisha mwalimu, vifaa na familia.

Nchini Tanzania, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kama MEWAKA, huwakutanisha walimu ili wajifunze wao kwa wao. Kata isiyo na makumbusho ina kisima, shamba, mfereji wa maji ya mvua na zahanati; kila kimoja kinaweza kuzaa swali la kuchunguzwa. Wananchi wanaweza kuwafungulia walimu na wanafunzi milango ya maeneo hayo. Kamati za shule nazo, zinapopanga matumizi, ziulize: je, fungu la vifaa vya sayansi limetengwa? Mwalimu anapokwenda mafunzoni, mzazi asihesabu kuwa siku hiyo imepotea. Aulize mwalimu amerudi na nini, na darasa litakitumiaje.