Zabuni Zafunguliwa Hadharani, Zapimwa Faraghani

Wasikilizaji wetu, yeyote kati yenu aliyepata kuomba kandarasi ya Serikali, iwe ya kujenga barabara au ya kupeleka unga katika hospitali ya kaunti, anaijua barua ninayotaka kuizungumzia jioni hii: barua fupi, yenye muhuri na sahihi ya mkuu wa idara, inayomshukuru mwombaji kwa kushiriki, kisha ikamwarifu kwa masikitiko kwamba zabuni yake haikufaulu kwa kuwa haikutimiza masharti. Ni sharti lipi, limevunjwa katika ukurasa upi, na yule aliyefaulu amelitimiza vipi, hayo barua aghalabu haiyasemi, na ukienda kuuliza utatazamwa kama mtu asiye na adabu.

Sheria ya Kenya haikukusudia mambo yawe hivyo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 227, imeamuru kwamba chombo chochote cha dola kinaponunua bidhaa au huduma kifuate utaratibu wa haki, wa insafu, wa uwazi, wa ushindani na usiofuja fedha. Na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, inaitaka idara iwatajie walioshindwa jina la mshindi pamoja na sababu za kushindwa kwao. Tena sheria hiyo imempa aliyedhulumiwa siku 14 za kupeleka lalamiko lake mbele ya Bodi ya Mapitio, ikaifunga Bodi kwa siku 21 za kutoa uamuzi, na maadamu shauri halijakwisha mkataba hautiwi sahihi. Hii ni haki changa katika nchi yetu, kwani ni kanuni za mwaka 2001 ndizo zilizoleta bodi ya kwanza ya namna hiyo.

Basi taksiri iko wapi, ikiwa sheria ni njema kiasi hiki? Iko katikati, baina ya siku ya kufunguliwa zabuni na siku ya barua. Zabuni hufunguliwa mbele ya wenyewe, saa ile ile muda unapokwisha, na jina la kila mwombaji pamoja na bei yake husomwa kwa sauti, hata mtu akaondoka akijua wenziwe wametaja kiasi gani. Lakini baada ya hapo makaratasi huingia katika chumba cha kamati ya tathmini, mlango ukafungwa, na hadi siku 30 zipite hakuna ajuaye alama zimegawanywa vipi. Ni mfano wa mashindano ya jahazi pale Lamu, ambayo mji mzima huyatazama yakitweka matanga, kisha mwisho wake ukashuhudiwa na waamuzi watatu tu, nyuma ya ukuta.

Na humo chumbani ndimo zinamochezwa hila ambazo wafanyabiashara wanazijua kwa majina. Sheria inataka kila ukurasa wa zabuni utiwe nambari, nayo ni tahadhari ya maana, ili karatasi zisichopolewe wala zisipenyezwe. Walakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba kasoro ndogo isiyogeuza maana ya zabuni haitoshi kuiangusha. Sasa tazameni jinsi milango hii miwili inavyoweza kutumiwa na mtu asiye na insafu. Mwombaji asiyetakiwa, ambaye kurasa tatu za kiambatisho chake hazikutiwa nambari, hutupwa nje tangu hatua ya kwanza, na bei yake, hata ikiwa ndiyo ya chini kuliko zote, haitazamwi tena. Ilhali mwombaji anayetakiwa, ambaye dhamana yake ya zabuni ina upungufu au cheti chake cha kodi kimepitwa na tarehe, huambiwa kwamba hiyo ni kasoro ndogo, nayo husamehewa. Wote wawili wamehukumiwa kwa sheria moja, na ukimsoma kila mmoja peke yake huoni dhuluma yoyote. Dhuluma huonekana pale tu unapowaweka bega kwa bega, na kuwaweka bega kwa bega ndiko alikonyimwa mlalamikaji, kwa kuwa makaratasi ya tathmini ni siri, na anachoruhusiwa kukipata, baada ya kufungua shauri na kulipa ada, ni muhtasari wa tathmini. Kwa hiyo analazimika kushtaki kwanza ndipo ajue kama alikuwa na haki ya kushtaki.

Wenye idara wana hoja yao, na si hoja ya kudharauliwa. Wanasema kwamba kila kandarasi siku hizi imegeuzwa kesi, kwamba aliyeshindwa hakubali kushindwa, na kwamba mgonjwa hawezi kungoja dawa mpaka mawakili watosheke. Nami nimezijumlisha siku: 14 za kulalamika, 21 za Bodi, 14 za kwenda Mahakama Kuu, 45 za hukumu yake, 7 za kukata rufani na 45 za Mahakama ya Rufani, jumla 146, karibu miezi mitano. Wako pia, sikatai, wenye kushtaki kwa inda tu, na Bodi imepewa uwezo wa kuwafukuza. Lakini siku hizo zimeandikwa katika sheria, hazimjii mtu kama mafuriko, na idara inayojua kwamba itahitaji kitu Agosti haina udhuru wa kuanza kukitafuta mwishoni. Tuikumbuke kadhia ya karatasi za kura za mwaka 2017, zilizopewa kampuni ya Al Ghurair ya Dubai: Mahakama Kuu ilibatilisha zabuni ya kwanza mwezi Februari, ikabatilisha tena sehemu ya karatasi za urais tarehe 7 Julai, na Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo tarehe 20 Julai, zikiwa zimesalia siku 19 tu kabla ya kura ya tarehe 8 Agosti. Hakimu anayepima haki huku kalenda ikimtazama usoni hana uhuru kamili, na lawama ya hilo simpi mlalamikaji.

Na kama yuko anayedhani kwamba nchi ingepata nafuu lau wasingekuwapo walalamikaji, na aitazame Anglo Leasing, mikataba ya usalama iliyofungwa kwa siri bila mshindani wa kuuliza lolote, ambamo mtambo wa pasipoti ambao kampuni ya Ufaransa ilikuwa tayari kuuleta kwa yuro milioni 6 ulikubaliwa kwa yuro milioni 30. Hapakuwa na shauri, hapakuwa na ucheleweshaji; na mwaka 2014, miaka kumi baada ya siri kufichuka, Hazina bado ilikuwa inalipa, takriban shilingi bilioni 1.4, kumaliza madai yaliyotokana na mikataba ya jamii hiyo.

Kwa hiyo naliomba Bunge lirejee kile kifungu cha usiri katika sheria ya 2015 na kukirekebisha, ili ripoti ya tathmini, yenye alama za kila mwombaji na sababu za kila alama, iambatishwe na barua ya matokeo siku ile ile inapotumwa, kwa wote, bila ya kuombwa na bila ya ada. Siri za biashara na zifichwe, lakini alama zilizotolewa na watumishi wa umma kwa fedha za umma si siri ya biashara ya mtu yeyote. Na wakuu wa idara wasingoje Bunge: sheria ilivyo leo inawataka watoe sababu, nao waanze kuzitoa kwa ukamilifu katika barua ya kesho.