Kumi Walitakasika, Mmoja Akaokoka

(Mazungumzo ya redio. Somo: Luka 17:11–19)

Wewe uliye jikoni ukichemsha chai, wewe uliye safarini, na hasa wewe uliyelala kitandani ukisikiliza redio kwa kuwa mwili hauna nguvu ya kuinuka, karibu tukae pamoja kwa dakika hizi chache.

Bwana wetu alikuwa njiani kwenda Yerusalemu, akipita mpakani mwa Samaria na Galilaya. Akaribiapo kijiji kimoja, wakasimama watu kumi wenye ukoma, wakasimama mbali. Kusimama mbali hakukuwa adabu tu, ilikuwa sheria. Someni Walawi sura ya 13. Mtu aliyeonekana na ugonjwa huo aliamriwa avae nguo zilizoraruliwa, aache nywele zake wazi, afunike mdomo, na apige kelele njiani ili watu wajue kuwa ni najisi na wampishe. Tena akae peke yake nje ya kambi. Hakula na mkewe, hakubeba mtoto wake, hakuingia hekaluni.

Niseme neno dogo hapa. Ugonjwa ambao Biblia yetu huuita ukoma ulikuwa jina la magonjwa mengi ya ngozi, na katika Walawi jina hilo hilo hutumika hata kwa ukungu wa nguo na wa kuta za nyumba. Ukoma tunaoujua sisi ni ugonjwa wa vijidudu, na daktari wa Norway aliyeitwa Hansen ndiye aliyevigundua mwaka 1873. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeshauri mgonjwa apewe dawa kadhaa kwa pamoja, na akizinywa kwa muda wa miezi 6 hadi 12 hupona kabisa. Kwa hiyo, ikiwa kuna mtu wa jamaa yako unayemficha nyumba ya nyuma, mtoe umpeleke hospitali. Hakuna sheria ya Musa inayomfukuza leo, ila haya yetu wenyewe.

Turudi njiani. Watu hawa kumi hawakuwa wa kabila moja. Angalau mmoja wao alikuwa Msamaria, na wengine, yaonekana, walikuwa Wayahudi. Mjuavyo, Wayahudi na Wasamaria hawakuchangia hata chombo cha kunywea maji. Lakini hawa walikaa pamoja, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umewafukuza wote. Ingia leo katika wodi ya hospitali yoyote kubwa ya nchi yetu utaona jambo hilo hilo: watu ambao huko nje hawasalimiani wakati wa uchaguzi, humo ndani wanashikiana kikombe cha uji.

Wakapaza sauti wakaomba rehema. Na tazameni alivyowatendea Bwana. Hakuwagusa wala hakupiga kelele juu yao. Hakutaka sadaka kwanza. Aliwaambia tu waende kwa makuhani wakajionyeshe. Siku hizo kuhani ndiye aliyekuwa kama afisa wa afya, ndiye aliyempima mtu na kutangaza kuwa ni safi. Zilitakiwa ndege wawili, mti wa mwerezi, sufu nyekundu na hisopo, na siku nane zipite, ndipo mtu arudishwe kwao. Wale kumi waliondoka wakiwa bado wana madoa mwilini. Walitakasika wakiwa wanakwenda. Imani yao wote kumi ilikuwa ya kweli, nami sitakubali mtu aidharau.

Kisha mmoja akajitazama. Akaona amepona, akageuka akarudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu, akaanguka miguuni pa Yesu. Naye ndiye Msamaria. Bwana akauliza habari za wale tisa.

Ndugu zangu, mimi sipendi kuwahukumu upesi wale tisa. Walikuwa wanatii amri waliyopewa. Tena fikiri mtu ambaye kwa miaka mingi amemwona mtoto wake kwa mbali tu, kisha anautazama mkono wake na ngozi ni safi. Je, miguu yake itamkimbiza wapi? Itamkimbiza nyumbani. Pengine tungekuwa sisi tungefanya vivyo hivyo. Shida ya wale tisa haikuwa ubaya wa moyo. Walimtaka Yesu kwa jambo moja, wakalipata, na shughuli yao naye ikaisha.

Hapa yafaa tuyaangalie maneno yenyewe. Luka anatuambia kwamba wote kumi walitakaswa. Lakini yule mmoja aliyerudi aliambiwa neno lingine. Aliambiwa kwamba imani yake imemwokoa. Katika Kiyunani neno hilo ni sozo, nalo hutumika pande mbili, kwa mwili na kwa roho. Wenzetu waliotafsiri Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 walipata kazi hapo. Kwa yule mama aliyetokwa na damu miaka 12, ambaye Marko anasema alikuwa amemaliza mali yake yote kwa waganga, neno hilo hilo walilitia kuwa ni kuponya. Kwa yule mwanamke mwenye dhambi aliyelia nyumbani kwa Simoni Mfarisayo, wakalitia kuwa ni kuokoa. Walifanya vema, kwa kuwa huyu wa pili hakuwa na ugonjwa wowote tunaousoma. Alikuja na dhambi zake, akaenda zake amesamehewa.

Nasi katika lugha yetu tunalijua jambo hili. Homa ikimtoka mtu, twasema amepona. Basi likipinduka na mtu akatoka mzima, twasema pia amepona. Lakini mtu akisimama kanisani akasema ameokoka, hakuna anayemwuliza ni ugonjwa gani uliokuwa unamsumbua. Sisi tuliolelewa karibu na ndugu wa Uamsho tunajua maana ya neno hilo.

Na Uamsho wenyewe una funzo hapa, kwa maana ulianzia hospitalini. Gahini, nchini Rwanda, palikuwa na hospitali ya misheni, naye Daktari Joe Church alikuwa akitibu wagonjwa huko. Katika miaka ya 1930 moto wa Mungu uliwaka kati ya wafanyakazi wa mahali hapo na majirani zao, ukavuka mipaka, na mwaka 1937 ujumbe ukafika Kenya. Watu wa Gahini walikuwa wanaponywa magonjwa kila siku kwa dawa na kwa maombi. Lakini habari iliyosafiri hadi kwetu haikuwa habari ya vidonge wala ya viwete kutembea. Ilikuwa habari ya watu waliorudisha vitu walivyoiba, Mwafrika na Mzungu wakiombana msamaha, mume na mke wakipatana. Hayo ndiyo waliyoyaita kuokoka. Lakini hospitali haikufungwa kwa sababu watu wameokoka. Wauguzi waliotubu usiku waliamka asubuhi wakaosha vidonda.

Nasema haya kwa sababu kuna jambo linaloniumiza. Mama mmoja alinijia na mwanawe mwenye kifafa. Mtoto alikuwa akinywa vidonge, na kuanguka kulikuwa kumepungua sana. Akaja mhubiri mmoja mwenye hema na vipaza sauti, akamwekea mtoto mikono, akamwambia mama kwamba sasa amepona, na kwamba kuendelea kumpa dawa ni kumwonyesha Mungu kuwa hamwamini. Mama akazitupa chooni. Siku ya tisa mtoto akaanguka karibu na jiko la mawe matatu. Alipompeleka tena kwa mhubiri, mkono umeungua hadi kiwiko, aliambiwa kwamba kuna dhambi nyumbani mwake aliyoificha. Mama akaja kwangu si kuomba dawa bali kuniuliza ni dhambi gani hiyo. Alikuwa amekwisha kuitafuta kwa siku nyingi, halali.

Nikamsomea Agano Jipya. Paulo alimwekea mikono baba yake Publio katika kisiwa cha Malta, mtu yule akapona homa na kuhara damu. Paulo huyo huyo alimwomba Mungu mara tatu amwondolee mwiba uliokuwa mwilini mwake, na haukuondolewa, akapewa neema ya kuuchukua. Rafiki yake Trofimo alimwacha mgonjwa Mileto. Timotheo alikuwa na tumbo lililomsumbua mara kwa mara, na Paulo alimshauri anywe mvinyo kidogo, ambayo siku hizo ilikuwa ni dawa. Je, Trofimo aliachwa Mileto kwa sababu ya dhambi ya siri? Paulo hasemi hivyo. Basi ni nani huyu anayejua kuliko Paulo? Mtoto yule yu hai. Anakunywa dawa zake kila jioni, na mama humwombea akimpa.

Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2011, watu walipofurika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500 za Tanzania. Kutoka hapa Kenya pia walikwenda wengi. Magari yalipanga foleni siku nyingi, na wapo wagonjwa waliokufa njiani wakingoja zamu yao. Madaktari walionya watu wasiache dawa za UKIMWI na za kisukari. Mzee yule alifariki mwaka 2021. Mimi siwacheki waliokwenda. Mtu mwenye maumivu na asiye na pesa za hospitali atapanda gari lolote linaloelekea kwenye tumaini. Ninachowauliza ni hiki: kama kikombe kile kingaliweza kuponya kila ugonjwa kama walivyotumaini, mtu angalirudi nyumbani na nini juu ya chuki aliyo nayo kwa nduguye?

Ndiyo maana napenda habari za yule mtu mwenye kupooza katika Marko sura ya 2. Wale rafiki wanne waliobomoa dari hawakubomoa kwa ajili ya dhambi za mwenzao. Walibomoa kwa ajili ya miguu yake. Yesu akatangulia kumwambia kwamba dhambi zake zimesamehewa, na miguu ikafuata baadaye. Nafikiri hata rafiki wale huko juu darini walitazamana. Lakini Bwana hakukosea mpango. Miguu ile ilitembea, kisha siku moja ikafa pamoja na mwili wote, kama alivyokufa tena Lazaro aliyefufuliwa. Msamaha alioupata siku ile haukufa.

Nilimjua mzee mmoja, sasa ni marehemu, aliyelazwa miezi miwili kwa kifua kikuu. Kanisa lote lilimwombea, na akina mama walikwenda kwa zamu na chakula. Akapona vizuri sana. Alitoa mbuzi kwa shukrani, tukamla kwa furaha. Lakini jiwe la mpaka alilolisogeza katika shamba la mdogo wake hakulirudisha, na meza ya Bwana hakuikaribia tena. Nilipomtembelea, alizungumza nami juu ya mapafu yake tu. Aliishi miaka 11 baada ya hapo. Nilimzika mimi, na mdogo wake alisimama mbali na kaburi.

Sasa, wewe uliye mgonjwa asubuhi hii. Yakobo anakuagiza uwaite wazee wa kanisa wakuombee na kukupaka mafuta kwa jina la Bwana. Waite. Usione haya, wala usingoje hadi kasisi aitwe kwa maziko. Mungu wetu huponya hata leo, kwa maombi peke yake na kwa mikono ya daktari pia, na hakuna hata mmoja kati ya uponyaji huo ulio wa shetani. Dawa uliyopewa, inywe hadi siku daktari mwenyewe atakapokuambia uache. Na mtu akikutaka fedha kabla ya kukuombea, funga mlango.

Tena, nikuulize kwa upole. Ukiwa umelala hapo, kuna mtu unayemfikiria kila mara usiku, ambaye hamjasemezana? Mwite naye. Huna haja ya kungoja upate nguvu za miguu ili kulifanya hilo. Na wewe uliyepona mwaka jana, uliyeahidi mambo mengi ukiwa wodini, njia uliyoijia bado iko, na Yule aliyekuponya hajaondoka hapo ulipomwacha.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, tunakuletea wagonjwa wanaotusikiliza sasa, na wale wanaowauguza ambao nao wamechoka. Uwaponye kwa mapenzi yako. Wabariki madaktari na wauguzi walio zamu. Mfariji mama anayejilaumu bure. Utusamehe dhambi zetu kabla hatujakuomba lolote lingine, nasi tuliopona utugeuze njiani. Kwa jina lako tunaomba. Amina.