Sukari Inayoshikwa na Sumu ya Kipindupindu

Haya yanakuhusu hasa wewe, mchimbaji wa dhahabu uliye Mwakitolyo, Nyarugusu au Rwamagasa, duarani, kwenye mwalo wa kuoshea au kwenye karasha.

Mwanzoni mwa 2024 kipindupindu kililipuka Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwemo. Inakuwaje mtu aliyeamka mzima aishiwe maji mwilini kabla jua halijazama?

Seli za utumbo zimevaa vijinyororo vya sukari, vilivyoshikizwa kwenye mafuta ya utando wake. Bakteria wa kipindupindu hutoa sumu yenye vipande sita. Vitano hung'ang'ania sukari hizo, kama kiganja kwenye mpini wa sururu. Cha sita huingia ndani na kuilazimisha seli imwage chumvi, na maji huifuata chumvi. Aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita nzima kwa saa. Sambhu Nath De, mwanasayansi wa Kolkata, India, ndiye aliyeonyesha mwaka 1959 kwamba sumu hiyo ipo.

Sasa sikiliza vizuri. Utumbo huohuo una njia nyingine ambayo sumu haiizibi: glukosi na chumvi zikifika pamoja hufyonzwa, na maji huingia nazo. ORS, ile chumvichumvi ya pakiti inayokorogwa kwenye maji, inafanya kazi hivyo. Huna pakiti? Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko sita vya chai vya kufuta, chumvi nusu kijiko cha chai. Mnyweshe mgonjwa kidogokidogo, na safari ya zahanati ianze wakati huohuo. Na ili usiambukizwe, ndugu yangu, maji ya mwaloni usiyanywe hata yakitulia yakawa maangavu.