Maji yanaingia wapi, na tuzibe na nini?

(Maneno yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka)



Munajua tumekutana kwa sababu gani. Boti yetu iko mchangani tangu wiki mbili, na wamama wenye mihogo na mawese ya kupeleka Uvira wanatuuliza kila asubuhi. Wako na haki ya kuuliza. Basi tuanze na kosa letu wenyewe. Mara ya kwanza maji yalipoonekana chini ya mota, sisi timu ya mradi ndio tulienda kununua silikoni, ile ya madirisha na bafu, kwa sababu ilikuwa karibu na bei yake ni ndogo. Tukapaka, ikakauka vizuri, tukafurahi. Safari ya tatu, mbele ya Mboko, upepo wa kusini ukiwa mkali, maji yakapanda mpaka kwenye magunia. Watu walichota na bidoni zilizokatwa mpaka tukafika. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe. Lakini magunia sita ya unga yaliharibika, na wenye magunia wameketi hapa pamoja nasi.

Silikoni inavutika, ndiyo, lakini haishiki mbao kwa nguvu ikikaa ndani ya maji siku zote. Boti inatikisika, mbao inavimba na kusinyaa, na silikoni inabanduka kama ganda la ndizi. Ubaya wake wa pili ni kwamba inaacha utelezi wake kwenye mbao, na mastiki nyingine au rangi haikamati juu yake. Ndiyo maana fundi alitumia siku mbili nzima kukwangua na msasa kabla ya kuanza kazi yenyewe.

Safari hii tulitafuta kwanza maji yanapita wapi. Tulikausha boti ndani, tukaiweka sawa juu ya magogo, tukamimina maji ndani yake kidogo kidogo, halafu tukalala chini kuangalia yanatokea wapi. Yalitoka pahali pamoja tu: kwenye ile sahani ya shaba ya bomba linaloingiza maji ya kupoza mota, kwenye buloni zake mbili za nyuma. Matone mengine yalitoka kati ya mbao, lakini hayo tusiyaogope. Boti ikikaa juani mbao zinaachia, ikirudi majini zinavimba na kujifunga.

Papa mmoja alisema wazee walitumia pamba na lami, mbona sisi tunatafuta vitu vya kizungu? Papa yuko na haki kwa upande wa kukalafati, kati ya mbao na mbao. Pale tutaendelea na pamba yetu. Lakini kuzunguka shaba na buloni, karibu na mota, lami inalainika kwa joto, na dizeli ikimwagika inaiyeyusha.

Zilibaki mbili. Kuna mastiki ya polisulfidi, ambayo inabaki laini, inafuata mbao inapovimba, na siku ya kufungua kifaa unaweza kukitoa bila kuvunja kitu. Isipakwe tu kwenye vifaa vya plastiki, maana plastiki nyingine inazila. Kwa shaba na mbao sisi tungeichagua hiyo. Hatukuipata Baraka, hatukuipata Uvira. Ya pili ni poliuretani. Hiyo tuliipata, bei yake kama mara tatu ya silikoni, na inashika kweli kweli, hata kupita kiasi: atakayetaka kutoa ile sahani kesho atang'oa na mbao. Tumeichukua, kwa sababu ile sahani hatuna mpango wa kuitoa. Lakini musikubali kartushi yoyote yenye neno poliuretani. Isomwe kama imeandikwa kwamba inafaa chini ya maji, na itazamwe tarehe ya mwisho. Tulirudisha moja iliyokuwa imegandia ndani.

Fundi alikwangua mbao mpaka ikawa nyeupe, maana mbao iliyonywa mawese miaka mingi haishikwi na kitu. Alipangusa shaba, akangoja ikauke. Vijana walitaka kusafisha mikono na kingo kwa alkoli mastiki ikiwa bado mbichi. Tukawazuia, kwa sababu alkoli inaharibu poliuretani isiweze kukauka. Buloni zilikazwa kiasi tu, mastiki ibaki katikati. Ukikaza kwa nguvu zote unaikamua yote nje, unabaki na chuma juu ya mbao.

Jambo moja tusichanganye. Kwenye ekseli ya elisi, ile presetupu inatoa tone moja moja mota ikizunguka. Ni kawaida yake, lile tone linaipoza. Ikizidi, fundi anakaza kidogo au anabadilisha kamba iliyo ndani. Asije mutu mwenye huruma kupaka mastiki pale.

Sasa neno gumu. Mastiki hii inakauka polepole, milimita kama tatu kwa siku, na yetu ni nene. Tunaomba siku saba bila boti kugusa maji. Tunajua soko la wiki hii litatupita, na tunajua kuna mama anayengojea ile pesa kwa minerval ya watoto. Tulifikiri kuhusu siku tatu. Tukakumbuka Mboko.

Wafadhili, salio la pesa yenu ya matengenezo limelipa mastiki, fundi, na kolie mbili mpya za bomba. Risiti ziko kwa mweka hazina, kila mwanachama anaweza kuziona. Yale magunia sita hayakuwa kwenye bajeti. Tunapendekeza yalipwe kutoka sanduku la mchango, na sisi wa timu tutaanza kwa kuweka yetu.

Pembeni ya bomba fundi amefunga kwa kamba kigingi cha mbao laini, kimechongwa kama karoti. Bomba likikatika safarini, nahodha asitafute kitu kingine: akipige humo ndani kwa nyundo.

Boti inashuka majini Jumatano ya wiki ijayo, asubuhi, kwanza tupu. Itazunguka mpaka saa sita mchana, tutafungua sakafu na kuangalia pamoja. Wenye magunia yaliyoharibika ndio watapakia wa kwanza, bila kulipa. Wengine wajiandikishe kwa katibu.