Rele ya dola nane: maneno juu ya feni ya gari yetu

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama, hapa Baraka. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa.)



Komite iliniomba niseme kidogo juu ya gari. Munajua ilikaa garaji wiki saba. Munajua pia maneno yenye yalizunguka sokoni, eti kijana wetu makanika aliharibu gari ya watu. Leo nataka niseme ukweli wa ile kazi, halafu niwaelezee namna feni ya umeme inafungwa, juu kati yetu kuna wenye gari, na wengine watanunua kesho.

Basi yetu ndogo ilikuwa na feni yenye kuzungushwa na injini yenyewe. Klachi ya ile feni ikachoka, na nyingine hatukuipata. Tukaamua kuweka feni ya umeme yenye ilitolewa kwenye gari nzee. Uamuzi ulikuwa mzuri. Magari mengi ya siku hizi yanatumia feni ya namna hiyo. Kijana akaniandikia orodha: feni, rele, fyuzi na kikasha chake, waya nene, swichi ya joto. Mimi nikashika kalamu. Nikaacha feni, nikakata vyote vingine. Nikamwambia, "Tumia waya zenye ziko, weka swichi ya taa, shofere atawasha mwenyewe." Akanijibu, "Kaka, hii feni inakula umeme mwingi." Nikasema tutaona mbele.

Niko na diplome ya chuo kikuu. Rele sikujua ni kitu gani, na sikuuliza. Nilichokuwa ninatafuta ni ripoti yenye mstari mfupi wa matengenezo.

Wiki tatu gari ikatembea vizuri, juu ilikuwa inafuata njia ya kando ya ziwa. Kwenye tambarare, upepo wa mwendo peke yake unapoza rejeta. Halafu siku moja tukapakia familia moja yenye ilikuwa imerudi, pamoja na mabati na masufuria yao, tukapanda upande wa Fizi-Centre. Kwenye mlima gari inakwenda polepole kama mtu wa miguu, injini inafanya kazi kwa nguvu, na upepo hakuna. Hapo feni njo inabaki peke yake na kazi yote.

Tukasikia harufu ya plastiki. Moshi ukatoka chini ya dashibodi. Kawaya kale kembamba kalikuwa kameyeyuka, feni ikanyamaza. Shofere aliona mshale wa joto umefika kwenye nyekundu, lakini hakusimama mara moja. Jua lilikuwa linazama, na munajua ile njia usiku. Alitaka kufika kwenye nyumba za watu. Hatukufika. Gasketi ya silinda hedi ikaungua, injini ikazima, tukalala kando ya njia pamoja na watoto wa watu. Bibi wa ile familia akasema, "Tulivuka ziwa bila shida, sasa kamulima haka njo katatushinda?" Wengine wakacheka. Mimi sikucheka. Wengi wetu hapa tulishuka Baraka kwa boti kutoka Kigoma, tangu safari zile zilipoanza mwaka 2005, na tulianzisha chama hiki ili mtu mwenye kurudi asilale tena njiani.

Asubuhi tulikuwa wazima wote, Mungu asifiwe. Gari njo ilikuwa mgonjwa.

Sasa sikilizeni hesabu. Betri ya gari yetu ni volti 12. Feni kama ile inaweza kuvuta amperi 20, na wakati inaanza kuzunguka inavuta zaidi. 12 mara 20 ni wati 240. Taa moja ya mbele ni karibu wati 55. Maana yake, feni moja ni kama taa nne za mbele na zaidi, zote zikipita kwenye kawaya kalikotengenezwa kwa taa ndogo. Umeme mwingi kwenye waya nyembamba unageuka joto. Hakuna uchawi hapo, na hakuna ujinga wa makanika.

Rele inafanya nini? Muangalie kwenye kijiji: chifu habebi mbao. Anasema neno moja, vijana wanabeba. Swichi ya shofere ni neno la chifu, umeme kidogo sana. Rele inasikia lile neno, inafungua njia kubwa, na umeme mzito unatoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye feni bila kupita kwenye dashibodi.

Rele ya kawaida ina miguu yenye namba, hata yenye kutoka nchi gani, mara nyingi namba ni zile zile. Mguu wa 30 unapokea umeme wa betri. Mguu wa 87 unapeleka kwenye feni. 86 na 85 ni za amri: 86 inachukua umeme wa kontaki, ili ukizima gari feni nayo izime, isimalize betri. 85 inakwenda kwenye swichi ya joto, na swichi inaishia kwenye masi, yenye wenzetu wa Kigoma wanaita ethi. Maji yakipanda karibu digrii 95, swichi inafunga mzunguko na feni inawaka yenyewe. Yakishuka karibu digrii 90, inazima. Swichi ya shofere iwekwe pembeni ya ile ya joto, kama mlango wa pili, ili moja ikifa nyingine ifanye kazi.

Fyuzi, kwa feni kama yetu amperi 30, ikae karibu sana na betri, kabla ya rele. Kazi yake ya kwanza ni kuchunga waya. Waya ikikwaruzwa na chuma mahali popote mbele ya fyuzi, fyuzi inakatika na gari haiungui. Waya ya njia kubwa iwe ya milimita 4 za mraba, ya kwenda na ya kurudi pia. Pale masi inafungwa, kwangua rangi mpaka chuma kionekane.

Feni yenye kukaa nyuma ya rejeta ivute hewa kuelekea injini, sawa na upepo wa mwendo. Weka karatasi mbele ya rejeta: ikishikwa, ni sawa, ikisukumwa, waya mbili za feni zimebadilishana. Mwishoni acha injini inguruме mpaka feni iwake yenyewe, ngoja dakika kumi, zima gari, halafu gusa waya. Ikiwa ya moto, kuna mahali umekosea. Na kabla ya kazi yoyote, toa kwanza hasi ya betri, juu feni ya swichi ya joto inaweza kuamka bila kukuuliza, na vidole havina vipuri.

Bei: rele dola 8, fyuzi na kikasha 4, waya 14, swichi ya joto 12. Jumla dola 38. Hizo njo nilikata. Kutengeneza injini kulikula dola 410, na wiki saba bila gari mama zetu walilipa pikipiki ili kufikisha mihogo yao sokoni.

Kwa wafadhili wetu ninasema hivi kwa heshima: mkiona mstari wa matengenezo umekuwa mrefu, tuulizeni, tutajibu kitu kwa kitu. Lakini mkiuona mfupi sana, tuulizeni pia. Na kwa komite ninaomba kanuni moja: makanika akiandika orodha, asiyejua kazi ya kitu asikikate mpaka ameelezwa.

Feni sasa imefungwa upya, na aliyeifunga ni yule yule kijana. Juzi gari ilipanda Fizi-Centre na mzigo, mshale wa joto ukabaki katikati.

Mdogo wangu, uko pale nyuma, simama kidogo watu wakuone. Ulisema kweli, na mimi nilikuwa na kalamu. Samahani, mbele ya wote.