Kazi ya Mwalimu Mlezi Katika Shule za Pwani Yetu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya washarika, walimu na wazazi, Mbegani)



Kamati ya maandalizi imeniomba nizungumze juu ya kazi niliyoifanya kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote maishani mwangu, yaani kazi ya mwalimu mlezi katika shule za sekondari za kutwa. Nimeonywa pia nisizidishe nusu saa kwa kuwa kwaya zinangoja. Nitajitahidi.

Wengi wakisikia neno mlezi humfikiria matroni wa bweni, mwenye funguo na kengele. Huyo naye ni mlezi, lakini simzungumzii yeye. Mwalimu mlezi wa shule ya kutwa hana bweni. Ni mwalimu wa Kiswahili, au wa Jiografia, au wa Baiolojia, ambaye mkuu wa shule amempa jukumu la kuwasikiliza wanafunzi wenye shida, kuwafuatilia wanaopotea, na kuwa kiungo baina ya shule, nyumba na ofisi za Serikali. Mwaka 2002 Wizara ilitoa waraka wa kusisitiza huduma ya ushauri nasaha katika shule na vyuo, na tangu hapo ni vigumu kuipata shule isiyokuwa na jina la mtu limeandikwa mbele ya jukumu hilo. Jina lipo. Muda wa kulitimiza ndio ambao mara nyingi haupo, nami nitalirudia jambo hilo baadaye.

Kazi hii si ngeni katika mwambao huu. Kabla ya shule, binti aliyevunja ungo alikuwa na somo wake, na mwali alikuwa na kungwi. Somo hakuwa mama mzazi, na hiyo ndiyo ilikuwa hekima yake: alisikia yale ambayo mtoto haoni vema kumwambia mama, naye alijua lipi la kumfikishia mama na lipi la kubaki nalo. Na tangu mwaka 1868, mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo, watoto waliokombolewa kutoka utumwani walilelewa misheni bila mzazi hata mmoja karibu nao. Huko nako ilibidi apatikane mtu wa kujua ni mtoto gani halali usiku. Sifa za mila zote za zamani siziimbi, maana zipo zilizomtoa binti shuleni moja kwa moja hadi kwenye ndoa. Nasema tu kwamba nafasi ya mtu wa tatu, asiye mzazi wala hakimu, watu wa pwani waliijua.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe inavyofanyika, maana watu hudhani ni kukaa chumbani na kutoa mawaidha. Mawaidha ni sehemu ndogo sana. Chombo cha kwanza cha mwalimu mlezi ni daftari la mahudhurio.

Shule iliyo karibu na bahari ina kalenda mbili. Ipo kalenda ya Wizara iliyobandikwa ofisini, na ipo kalenda ya mwezi na maji. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufaa pale mwezi usipokuwapo. Kwa hiyo katika siku za giza mvulana wa kidato cha pili huchukuliwa na mjomba wake kwenda kushika taa au kuvuta wavu, na asubuhi hulala. Nayo maji ya bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hupwa mbali sana, na saa hizo chache ndizo ambazo kina mama wa Mlingotini huingia katika mashamba yao ya mwani. Binti wa mama kama huyo ataachiwa mdogo wake wa kulea, au ataifuata kamba ya mwani pamoja na mama yake. Mwezi unapoandama, basi, darasa hupungua kwa pande zote mbili.

Nilianza kuandika tarehe ya mwezi mwandamo pembeni mwa daftari. Tarehe hizo nilipewa na mwalimu wa madrasa, jirani yangu, ambaye kila mara alicheka kuniona Mlutheri nauliza mwezi umeonekana lini. Baada ya mihula mitatu daftari lilianza kusema. Mtoto anayekosekana na mwezi hurudi na mwezi. Huyo dawa yake ni kuzungumza na nahodha na mjomba ili majuma ya mitihani wamwache, na kumpatia kipindi cha alasiri cha kufidia. Lakini yule anayekosekana wakati mwezi hauna sababu, huyo ndiye wa kufuatwa nyumbani, na afuatwe siku ya tatu. Ninyi nyote mnajua kwamba utoro wa siku 90 mfululizo humfutia mwanafunzi jina. Siku ya tatu mtoto bado yuko nyumbani kwao. Siku ya tisini yuko dagoni na wavuvi, au yuko Dar es Salaam katika nyumba ya mtu, anaosha vyombo.

Nikifika nyumbani nilikuta nini? Mara nyingi njaa ya kawaida tu. Tangu mwaka 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imeondolewa, na tunashukuru, lakini sare, madaftari, chakula cha mchana na nauli havikuondolewa. Shule za kata, zilizoongezeka kwa wingi tangu mwaka 2006, zimesogeza elimu karibu, ila kwa watoto wengine karibu hiyo ni mwendo wa saa moja na nusu. Ndipo mzazi humpangia mtoto chumba jirani na shule, wenyewe wanaita geto, binti wa miaka 15 akiishi peke yake na jiko la mkaa. Au ndipo kijana wa bodaboda anapojitolea lifti ya bure kila asubuhi. Kwa uzoefu wangu, hakuna lifti ya bure ya miezi mitatu.

Hapo nimefika kwenye jambo zito, nami naomba tulisikilize kwa utulivu.

Kwa miaka mingi mwalimu mlezi aliwekwa mahali pagumu. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kosa la kimaadili au kwa kuolewa, na mimba ilihesabiwa humo. Shule nyingi ziliwapima wasichana mimba, na aliyetakiwa kuwaongoza katika foleni ya kupimwa alikuwa nani? Alikuwa mwalimu mlezi wa kike, yule yule ambaye binti alikuwa amemfungulia moyo juma lililopita. Mwezi Juni mwaka 2017, katika ziara humu humu mkoani Pwani, Rais wa wakati ule alitamka hadharani kwamba aliyepata mimba hatarudi shuleni. Simsemi marehemu; nasema yaliyotufika. Baada ya tamko lile mlango wangu ulinyamaza. Wasichana waliacha kuja, hata wale waliotaka tu kuuliza juu ya hedhi, kwa sababu kila mmoja aliogopa kuonekana anaingia. Nami niliwaambia waziwazi tangu mwanzo wa muhula ni mambo gani nitalazimika kuyapeleka ofisini, ili asiwepo atakayesema baadaye kwamba nilimtega.

Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba waliokatiza masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, wataruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi, na waraka ukatolewa. Zanzibar walikuwa wametutangulia tangu 2010. Mwaka uliofuata Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ilitoa uamuzi wake dhidi ya utaratibu ule wa kupima na kufukuza. Wapo kati yetu ambao bado hawakubaliani na waraka, na nimeyasikia maneno yao hata nje ya kanisa hili: eti wataambukiza wengine tabia. Nawajibu kwa nilichokiona. Binti mmoja alirudi mwaka 2022, mtoto wake akiwa na miezi minane akilelewa na bibi. Hakumfundisha mtu yeyote uhuni. Alichowafundisha wenzake ni kwamba maziwa yakijaa kipindi cha nne huwezi kusikia hesabu. Tulipanga aende nyumbani saa nne kunyonyesha na arudi kipindi cha sita. Dada mkuu alimnakilia masomo. Alifanya mtihani wa kidato cha nne akafaulu, na leo yumo katika mafunzo ya ufundi wa kushona.

Waraka ulimfungulia binti yule lango. Haukusema nani atamnakilia hesabu, nani atazungumza na darasa kabla hajaingia, nani atamwambia mwalimu wa zamu asimsimamishe mstarini kwa kuchelewa. Hayo yote ni kazi ya mwalimu mlezi, na mahali asipokuwapo nimeona wasichana wakirudi Januari na kutoweka Machi.

Naomba pia tuzitenganishe kazi mbili ambazo katika shule kadhaa zimekabidhiwa mtu mmoja: ualimu wa nidhamu na ualimu wa malezi. Kanuni za viboko zinataka visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Mjadala wa kama viwepo au visiwepo nauacha kwa siku nyingine, ingawa mnaweza kubahatisha niko upande gani. Lakini hata anayevipenda akubali hili: mwanafunzi hamwambii siri mtu aliyemchapa asubuhi.

Siri yenyewe ina mpaka. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana nao wamo, wazazi. Wao hunyamaza zaidi. Mtoto akileta habari ya namna hiyo, mwalimu mlezi haahidi kunyamaza. Anamwambia kwa upole nani atakayejua na kwa nini, kisha anakwenda naye hospitali mara moja, kwa sababu dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU hufaa ikianzwa ndani ya saa 72. Anamjulisha Afisa Ustawi wa Jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Simu 116 ni ya bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Hapa ninawageukia wazee wa Usharika, na wazee wa mitaa pia. Mnajua desturi yetu ya kuyamaliza nyumbani. Familia mbili hukaa, mbuzi hutajwa, fedha hupita mkono hadi mkono, na mzee mwenye busara huombwa ashuhudie. Kwa ugomvi wa mpaka wa shamba desturi hiyo ni nzuri. Kwa mtoto aliyeharibiwa haifai kabisa. Tangu mwaka 2016 sheria inamtia mwenye kumpa mwanafunzi mimba, au kumwoa, kifungo cha miaka 30, na kesi nyingi nilizozifuatilia zilikufa kwa sababu mashahidi walikwisha kupatanishwa. Mkiitwa kwenye kikao cha namna hiyo, tafadhali msikae. Mpelekeni mtoto mahali panapostahili, naye mlezi wa shule mwiteni awasindikize.

Yanayohitajika si makubwa. Mwalimu mlezi apunguziwe vipindi. Hawezi kufundisha vipindi 28 kwa juma, kusahihisha madaftari 200, kisha afuate mtoto Pande kwa miguu jioni. Awe na chumba chenye mlango unaofungika na dirisha linaloonekana kwa nje, ili mtoto awe na faragha na mwalimu awe na ulinzi. Awe na nauli. Na asitumie kazi hii kuhubiri. Wengi wa watoto wetu wa Mbegani, Kaole na Zinga ni Waislamu, na mzazi akianza kushuku kwamba chumba cha mlezi ni mlango wa kubadili dini, mtoto hatakanyaga pale tena, na atakuwa na haki.

Usharika umeuliza uweke ukumbusho gani wa miaka mia. Wapo waliotaja mnara, wapo waliotaja kengele. Mimi nimepeleka kwa Kamati maombi ya nauli ya walimu walezi wa shule mbili kwa mwaka mmoja, pamoja na fungu dogo la sare na taulo za kike, likae kwa mtunza hazina na litolewe kwa saini ya mkuu wa shule bila kuuliza dini ya mwanafunzi. Kamati inakutana Jumanne jioni. Kwaya zipande.