Viluwiluwi Katika Pipa: Simu Yako na Utafiti wa Mbu

Leo tunazungumza juu ya mbu, lakini sitaanza na neti. Neti mnaijua. Nataka tuongee juu ya simu iliyo mfukoni mwako na maji uliyoteka asubuhi.

Tukisikia neno utafiti, wengi tunamwona mtu wa koti jeupe ameinamia darubini. Siku hizi hata wewe unaweza kuwa na sehemu yako katika kazi hiyo. Kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 2016, kulikuwa na mradi ulioitwa MalariaControl.net. Watu wa kawaida waliwaachia watafiti wa Uswisi kompyuta zao za nyumbani, na zile kompyuta zikapiga hesabu za malaria wakati wenyewe wamelala. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini kompyuta ya mtu aliye Ulaya haiwezi kuchungulia nyuma ya jikoni lako. Wewe unaweza.

Mwaka 2017 shirika la anga za juu la Marekani, NASA, liliweka sehemu ya mbu katika programu yake ya simu iitwayo GLOBE Observer. Programu yenyewe ni ya bure. Ukiona maji yaliyotuama, unapiga picha: pipa, tairi kuukuu, kopo, sahani ya kuku. Simu inarekodi mahali ulipo. Halafu unatazama kama mna viluwiluwi, unawahesabu, unawapiga picha kwa karibu ukiwa na kioo kidogo cha kukuzia kinachobanwa kwenye kamera. Mwisho unajibu swali moja: je, umeyamwaga maji hayo au kuyafunika? Kama hapo ulipo hakuna mtandao, habari zinakaa kwenye simu hadi utakapoupata. Watafiti huzilinganisha na zile za setilaiti, za mvua na joto, ili wajue mbu wanazaana wapi na lini.

Sasa hao viluwiluwi. Hapa hata asiye na simu asikilize. Chota maji kwa bakuli jeupe, uyaache yatulie. Ukiwafunika na kivuli chako watazama chini, kwa hiyo subiri kidogo. Kiluwiluwi wa mbu wa malaria, yaani anofelesi, hulala sambamba na uso wa maji, kama kijiti kinachoelea. Wale wengine huning'inia kichwa chini mkia juu, kwa sababu wana mrija wa kupumulia mkiani. Hao hawaleti malaria, lakini usiwahurumie. Kati yao wamo wa homa ya dengue, ambayo ilizuka Mombasa mwaka 2013, tena 2017 na 2021, na wa chikungunya, iliyosumbua Mandera mwaka 2016.

Mtaniuliza, mbona tuhangaike na pipa, na tulifundishwa kwamba mbu wa malaria hupenda madimbwi na mashamba ya mpunga? Ni kweli, tulifundishwa hivyo. Lakini kuna anofelesi mwingine aitwaye stephensi, asili yake Asia ya kusini na Rasi ya Arabuni. Huyu anapenda mjini. Anataga katika tangi, pipa, mtungi, hata kwenye maji safi ya kunywa. Barani Afrika alionekana kwanza Djibouti mwaka 2012, kisha Ethiopia mwaka 2016. Djibouti mwaka huo wa 2012 ilikuwa na wagonjwa 27 tu wa malaria. Mwaka 2020 walizidi 73,000, na mbu huyu anahesabiwa kuwa miongoni mwa sababu. Hapa kwetu watafiti walimpata Marsabit mwishoni mwa 2022, na taasisi yetu ya KEMRI ikatangaza habari hiyo mwaka 2023.

Mbu wa namna hii hatangazi safari yake. Watafiti ni wachache, hawawezi kufunua kila pipa la Nairobi, Garissa au Lodwar. Ndiyo maana picha ya mtu wa kawaida ina thamani. Mwaka 2020 mtu mmoja mjini Antananarivo, Madagaska, alipiga picha ya kiluwiluwi akaituma kwa programu hii ya GLOBE Observer. Baadaye wanasayansi waliichunguza kwa msaada wa kompyuta, na mwaka 2023 wakaandika kwamba huenda huyo ni stephensi, ambaye hakuwa amewahi kuripotiwa katika kisiwa kile. Picha moja tu ya simu.

Najua kuna mama anayesema, "Sista, mimi nina kabambe, na bando nitatoa wapi?" Haki yako. Mimi siwezi kumwambia mtu anunue bando badala ya unga. Mwite kijana wako wa sekondari mwenye simu ya kisasa, au mwalimu wake. Au mwambie mhamasishaji wa afya ya jamii anayekutembelea. Simu aliyopewa na serikali ni ya kuandika habari za nyumba anazozitembelea, si ya mbu, lakini yeye anamjua afisa wa afya ya umma, na afisa huyo anapaswa kusikia kwamba pipa lako lina viluwiluwi waliolala sambamba na maji.

Ukipiga picha, piga maji. Usipige sura ya mtoto, wala mlango wa nyumba. Picha hizo huonekana na watu wengi, na mahali pake hujulikana. Kwa jirani, bisha hodi kwanza.

Halafu usifurahie picha ukasahau viluwiluwi. Yai huwa mbu anayeruka kwa siku 7 hadi 14 hivi, na penye joto ni upesi zaidi. Ukishatuma, mwaga maji hayo mchangani. Kama maji ni ya shida, kama Marsabit, yachuje kwa leso safi uyatie chombo kingine, viluwiluwi uwamwage penye ukavu. Kila wiki sugua pipa kwa ndani, kwa sababu mayai ya mbu wa dengue hunata ukutani na huvumilia ukavu kwa miezi. Kisha funika vizuri. Mfuniko pia unamzuia mtoto anayetambaa asitumbukie, jambo ambalo sisi wauguzi tunaliogopa kuliko mbu mwenyewe.

Na mtoto akipata homa, hakuna programu itakayompima. Mpeleke kituoni siku hiyo hiyo apimwe malaria. Kabla hujafika, usimpe aspirini wala brufen, kwa sababu kama ni dengue dawa hizo zinaweza kumfanya avuje damu. Paracetamol kwa kipimo cha umri wake inatosha, na aendelee kunyonya au kunywa maji.

Tukutane wiki ijayo saa hii hii, tutaongea juu ya kuharisha. Kwaherini.